Mkimbiaji Akizidiwa na Joto, Mpozeni Kwanza: Maswali ya Wanawake wa Mbio Ndefu

Nahudumu kwenye mahema ya huduma ya kwanza katika mbio za Dar es Salaam. Maswali haya huja kila Februari, joto linapokuwa kali, kutoka kwa wanawake wanaojiandaa kwa kilomita 21 na 42.

Mazoezi ya joto ni nini?
Ni kuuzoesha mwili joto kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, jasho huwahi kutoka, na moyo hauendi mbio kama mwanzo. Anza na dakika 20 au 30 kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, kisha panda taratibu hadi saa moja au zaidi kidogo. Ukikaa wiki tatu bila joto, sehemu kubwa ya faida hiyo imepotea.

Nikijifunga nailoni tumboni na kuvaa sweta, si ndiyo hayo hayo?
Siyo. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi, na nailoni inalizuia lisikauke. Kilo unazoona zimepungua ni maji, zitarudi ukinywa. Mafuta hayatoki kwa jasho. Nimekwisha kulisema hili mara nyingi, na bado kila mwaka tunakata nailoni kwa mkasi kwenye matumbo ya wanawake waliozidiwa. Ivueni.

Mzunguko wa hedhi una mchango?
Upo. Baada ya yai kupevuka hadi karibu na hedhi, joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5. Siku hizo mazoezi yaleyale yanaweza kukuelemea zaidi. Punguza mwendo, si lazima uache. Lakini hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, nenda kituo cha afya. Mara nyingi ni kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha mwili, na mifupa inaumia kimyakimya.

Sinywi maji asubuhi kwa sababu njiani hakuna choo. Ni sawa?
Naielewa aibu hiyo, na waandaaji wa mbio wanapaswa kuweka vyoo. Lakini usianze ukiwa na kiu. Wala usijilazimishe kunywa kila kituo: maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka na inaweza kuua. Walio hatarini zaidi ni wenye miili midogo wanaokaa barabarani zaidi ya saa nne. Fuata kiu. Ukimaliza na uzito umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

Mwenzetu anayumba na kuongea ovyo. Tumkimbize hospitali?
Mpozeni kwanza. Anayechanganyikiwa kwenye joto mchukulieni kuwa ana kiharusi cha joto (si kile cha kupooza; ni joto la mwili kupanda hadi kuvuruga ubongo), hata kama jasho bado linamtiririka. Mzamisheni mwili kwenye beseni kubwa au pipa la maji ya barafu, kichwa mkikishikilia juu. Kama hakuna, loweka kanga kwenye maji ya barafu, mfunikeni mwili mzima, na mzibadilishe kila zinapopata joto. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui.

Lakini hospitali iko karibu.
Mpozeni kwanza, huku mwingine akiita gari. Niliwahi kumpokea dada aliyepakiwa kwenye bajaji, akakaa foleni dakika 40. Pale alipoangukia palikuwa na dumu zima la barafu ya soda. Ubongo unapikwa ndani ya dakika hizo. Mnazo kama 30 tu za kumshusha joto.

Panadol je? Au apumzike kivulini?
Panadol haifanyi kazi kwenye joto hili, maana si homa. Kivuli peke yake hakitoshi. Na kipimajoto cha kwapani kinadanganya, msingoje kiwaambie. Mpozeni.

Hata wazoefu hupatwa?
Doha, Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na usiku wa manane kukwepa jua. Walianza 68, na 28 hawakumaliza. Joto lenye unyevunyevu halihitaji jua, na Dar mnalifahamu.

Amezinduka, anasema yuko sawa. Aende nyumbani?
Hapana. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu figo na ini vinaweza kuharibika baadaye. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, msingoje kesho. Na mwambieni daktari alianguka saa ngapi na mlimpoza kwa dakika ngapi.