Treni si basi refu

Jumatatu ujumbe umeingia tena. Mtumaji mpya, maneno yale yale: “Kaka, nimepata dharura. Kwenye siti yangu atakuja mdogo wangu wa kiume. Si unabadilisha jina tu?”

Mwaka wa nne huu sina nyumba. Naishi kwenye gesti na mabehewa, na ugali wangu unatokana na kupeleka makundi ya watu kwa reli. Muda wote huo napambana na imani moja: kwamba treni ni basi refu. Akitoka huyu anaingia yule, safari inaendelea. Leo naeleza, halafu nitakuwa natuma kiungo hiki badala ya kujibu.

Kwanza, si siti. Treni ya umeme ya Dar–Dodoma, iliyoanza 2024, huko ni siti kweli. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ninayopeleka makundi, ni kitanda, kitanda kiko ndani ya chumba, na chumba ni cha wanaume au cha wanawake. Daraja la kwanza vitanda 4, la pili 6. Hawachanganywi, isipokuwa mmenunua chumba kizima. Usiku wangu mwingi huishia hapo, na kalamu na karatasi.

Chukua kundi la safari ijayo: watu 14, wanawake 5, wanaume 9, wote wanataka daraja la kwanza. Mtoto wa shule atakwambia nunua vyumba vinne, vitanda 16, viwili vitabaki. Haya, walaze. Wanawake 4 wamejaza chumba cha kwanza. Wanaume 8 wamejaza viwili. Wamebaki mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, hawajuani, chumba kina mlango unaofungwa, na kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, mwisho wa reli huko Zambia, ni kilomita 1,860. Mama yake binti akinipigia nimwambie nini?

Walioniokoa ni mke na mume waliomo kundini. Nikawapa chumba cha nne peke yao, hesabu ikakaa: 4, 4, 4 na 2. Wenzao wakanuna, eti napendelea wanandoa. Sasa dada mmoja anajitoa na kumleta mdogo wake. Ukiwaacha wanandoa, wanawake wamebaki 3 na wanaume wamekuwa 9. Kijana alale wapi? Kwa dada watatu, hapana. Kwa wanandoa nimeuliza, nimejibiwa kwa emoji.

Na vile vitanda viwili vitupu vinalipiwa, jamani. Nagawa 16 kwa 14, kila mtu anatoa nauli moja na moja ya saba. Hiyo moja ya saba ndiyo mnayoiita “cha juu”. Cha juu changu kipo, sikifichi, kina mstari wake kwenye mchanganuo na kinaitwa ada ya uratibu.

Mengine kwa haraka. Dar ina reli za vipimo vitatu: Reli ya Kati milimita 1,000, TAZARA 1,067, ya umeme 1,435. Behewa la huku halipiti kule, na stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, si mjini, kwa hiyo usinipigie ukiwa stesheni nyingine treni ikikaribia kuondoka. Kapiri Mposhi si Lusaka. Ukishuka bado una basi la kupanda. Ukivuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa ya simu inarudi nyuma saa moja. Chai haijachelewa.

Suala la kuchelewa lenyewe. Basi likiharibika, abiria wanahamishiwa jingine. Reli ni njia moja: treni mbili hupishana stesheni tu, na ya mizigo ikiacha reli huko mbele, wote mlio nyuma mnakaa mpaka iondolewe. Ndiyo maana nakataa katakata mtu kukata tiketi ya ndege siku ile ile ya kufika. Naweka siku nzima ya akiba. Kuchelewa kunabadilisha hata mnachokiona. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, treni inapoacha bonde la Kilombero na kupanda nyanda za juu, mahandaki na madaraja yakifuatana, ndicho kinachowaleta wengi. Mkikipita usiku mnaambulia giza tu, giza la handaki ndani ya giza la usiku. Siwezi kurudisha hela kwa sababu ya jua.

Lakini hiyo siku ya akiba sina uhakika nayo kama ninavyojifanya. Mara kadhaa tumefika kwa wakati, na kundi zima likashinda gesti likinitazama kama mimi ndiye niliyewaibia siku. Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kuwaambia wateja. Mimi nikilala siku mbili kwenye stesheni ndogo, hakuna anayeningoja popote. Begi langu ndiyo nyumba, na vitu vingine viko kwa mama, Muheza, ndani ya gunia moja. Nikisema “tumechelewa kidogo tu”, anayesema ni mtu asiye na mtoto wa kupeleka shule Jumatatu. Kipimo changu kimeharibika. Siku hizi, kabla sijatangaza kuwa hali ni ya kawaida, namuuliza kwanza mama mtu mzima yeyote kundini. Akisema imezidi, imezidi.

Pengine pia 14 ni kundi baya tu, nikomee 12. Ila 12 nao wakija wanawake 5 na wanaume 7, tunarudi kwenye karatasi.

Mdogo mtu, kama unasoma hapa: nafasi ipo. Njoo na mke, au mshawishi dada yako aende.