Ini limeng'aa asilimia ngapi? Kwanza iulize mashine

Madaktari wa upasuaji hapa Nairobi wanapotuletea mgonjwa mwenye uvimbe wa ini, swali lao halikomei kwenye uvimbe. "Daktari, ini lenyewe limeng'aa asilimia ngapi?" Yaani, mng'ao wake kwenye picha za MRI, ile mashine ya sumaku, umepanda kiasi gani baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kung'arisha ini. Wanataka kujua kama kipande kitakachobaki baada ya kukata kina nguvu ya kumbeba mgonjwa. Wana haki ya kuuliza. Ninachokiogopa ni jibu la haraka, kwa sababu nambari ya mng'ao kwenye MRI haina maana ikiwa peke yake.

Kwenye CT, ile mashine ya eksirei, tumezoea starehe. Maji ni 0, hewa ni -1000, na kipimo hicho cha Hounsfield ni kilekile uwe Upper Hill au Kisumu. MRI haina kitu kama hicho. Pikseli ya ini ikisoma 210, sehemu ya hiyo 210 imetoka kwenye ini, lakini koili, yaani antena ya kupokea mawimbi iliyolazwa juu ya tumbo, imechangia, umbali wa ini kutoka kwenye koili umechangia, na kiwango ambacho mashine imeamua kukuza mawimbi siku hiyo kimechangia pia. Mgonjwa yuleyule akirudi kesho anaweza kusoma 480 na ini lake halijabadilika hata chembe.

Dawa ninayoizungumzia hapa ni gadoxetate, ambayo sisi huijua zaidi kama Primovist. Takriban nusu ya dozi huingia ndani ya seli za ini zenyewe na kutoka na nyongo. Nusu nyingine hupita kwenye figo. Ndiyo maana ikifika dakika ya 20 ini lenye afya huwaka kuliko mishipa yake, na ini lililochakaa hubaki la kijivu. Hesabu ni nyepesi: chukua mng'ao wa baada ya dawa, toa wa kabla, gawanya kwa wa kabla.

Tuseme kabla ni 210 na baada ni 357. Hiyo ni asilimia 70, ini zuri. Sasa tuseme kati ya picha hizo mbili mashine ilijipima upya na kupunguza ukuzaji wa mawimbi kwa sehemu moja ya tano, jambo ambalo inaweza kulifanya bila kumwambia mtu. Ile 357 inakuwa 286, na asilimia 70 inaporomoka hadi 36. Ini ni lilelile, dawa ni ileile, ila mgonjwa sasa anaonekana hafai kwenda chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa mtaalamu wa radiografia ni hili: funga ukuzaji tangu picha ya kabla mpaka ya mwisho, na koili isisogezwe. La pili hupuuzwa zaidi, nalo ni pembe ya mgeuko, yaani kiasi ambacho wimbi la mashine hulaza sumaku ndogondogo za mwilini kabla ya kupima. Vituo vingi huipandisha kutoka digrii 10 au 12 hadi 25 au 30 kwenye picha ya dakika ya 20 ili uvimbe ujitokeze vizuri. Kwa macho ni jambo zuri na ninaliunga mkono. Lakini kama picha ya kabla ilipigwa kwa digrii 10, usizigawanye hizo mbili. Piga nyingine ya kabla kwa pembe ileile ya juu. Ni suala la mgonjwa kubana pumzi mara moja zaidi.

Uzito nao. Dozi ni mililita 0.1 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 70 hupata mililita 7 tu. Mpandishe kwenye mizani, usimuulize. Kilo ambazo mgonjwa wa ini huzitaja mara nyingi ni za kabla hajaugua.

Wengi wakishaonywa kuhusu ukuzaji hukimbilia wengu: gawanya mng'ao wa ini kwa wa wengu, na kosa la mashine linajifuta. Ni kweli. Katika mfano wetu, wengu ukisoma 165, uwiano ni karibu 2.2; ukuzaji ukishuka, wengu unasoma 132 na uwiano bado ni karibu 2.2. Shida ni kwamba wengu wa wagonjwa wetu si shahidi wa kuaminika kila mara. Mtu aliyekulia Mwea au kando ya Ziwa Victoria akapata kichocho cha matumbo anaweza kuja na wengu uliofura, wenye vidoa vya damu ya zamani. Mwenye selimundu anaweza kuja na wengu ulionyauka, au uliojaa madini ya chuma baada ya kuongezewa damu miaka mingi. Chuma huzima mng'ao, na wengu uliozimika hufanya ini la kawaida lionekane shujaa. Hapo mimi huhamia kwenye misuli ya kando ya uti wa mgongo, mahali palepale kabla na baada, na huangalia kwanza kama ini lenyewe halina chuma.

Miduara ya kupimia mng'ao kwenye picha naiweka mitatu au minne upande wa kulia, mbali na mishipa, njia za nyongo, uvimbe na ukingo wa ini. Upande wa kushoto moyo hauuachi utulie. Usinakili miduara kutoka picha ya kabla na kuiacha hivyohivyo: pumzi si moja, ini limepanda au limeshuka, na mduara uliokuwa kwenye nyama sasa umekalia mshipa. Kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mgonjwa akiwa na maji tumboni, tafuta kwanza kivuli cheusi katikati ya picha, kisha ndipo uamue pa kupimia. Ini lenye mafuta lina mtego wake: kwenye picha ambazo mafuta na maji hupingana, mng'ao wa kabla hushuka na asilimia hupaa bure. Tumia picha ya maji pekee.

Na tafadhali, picha ya WhatsApp haipimiki. Mwanga wake umeshachezewa ili upendeze jicho.

Penye uwezo, pima T1 moja kwa moja, yaani muda ambao tishu huchukua kurudi kwenye hali yake baada ya wimbi la mashine. Hiyo huja kwa milisekunde: ini la kawaida bila dawa ni karibu 580 kwenye tesla 1.5, karibu 800 kwenye tesla 3. Ukuzaji hauigusi, na kinyume cha T1 hupanda sawia na dawa iliyoingia, wakati mng'ao hupanda kisha ukachoka. Pasipo na uwezo huo, asilimia yangu kwenye ripoti haikai peke yake. Naandika dakika, nguvu ya sumaku, pembe, kama ukuzaji ulifungwa, na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo kwenye damu) ya wiki hiyo, kwa sababu ikipita mikromoli 50 kwa lita hivi hugombania milango ileile ambayo dawa huingilia, na ini hubaki la kijivu hata tukiwa tumepima kwa uangalifu wote.