Acheni Bwawa Liwe Kijani

Nimetumiwa tena picha ya bwawa letu la fakaltativu (bwawa la kusafishia majitaka, juu lina oksijeni, chini halina), na safari hii aliyeituma kaambatanisha na maelekezo: maji yameoza mpaka yamekuwa kijani, yatoeni, tieni dawa. Zamani nilikuwa najibu kwa upole, mmoja mmoja. Uvumilivu umekwisha, naandika kwa wote.

Bwawa la fakaltativu likiwa kijani lipo kazini. La kuogopa ni lile lililokuwa kijani jana na leo si kijani.

Mabwawa yetu yamepangwa kwa mfuatano. La anerobiki (lisilo na oksijeni) nalipita haraka. Ndilo la kwanza baada ya chekeche na mtego wa mchanga, lina kina cha mita 2 hadi 5, juu lina utando mzito mweusi, na utando huo hauondolewi kwa sababu unapunguza harufu. Tope linatuama, bakteria wasiotaka oksijeni wanalimeng'enya kuwa gesi, na kukiwa na joto nusu ya BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji ili kula uchafu, ndiyo kipimo cha uchafu wenyewe), au hata zaidi, inaishia humo. Ndilo chafu kuliko yote. Hakuna anayenitumia picha yake.

Linalofuata ndilo la ugomvi. Kina chake ni kama mita moja na nusu: chini giza, juu jua. Bakteria wa tabaka la juu wanakula uchafu uliobaki, na kwa kazi hiyo wanataka oksijeni. Kwenye mtambo wa tope amilifu, ambako bakteria wanachanganywa na majitaka ndani ya matangi, oksijeni inasukumwa na mashine za kupuliza hewa, zinazokula umeme usiku na mchana. Sisi hatuna mashine hizo, tuna mwani, yaani viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoelea majini: Chlorella, Euglena na jamaa zao. Bakteria wanatoa kaboni dayoksaidi, mwani unaichukua, unaota jua, unarudisha oksijeni. Tumbukiza kipimo karibu na uso wa maji saa nane mchana, jua likiwa kali, utakuta oksijeni imepita kiwango ambacho maji hushika kwa kawaida, na pH (kipimo cha asidi na besi) imevuka 9. Rudi palepale alfajiri: oksijeni inaweza kuwa karibu na sifuri, na pH imeshuka. Kwa hiyo mtu akinijia na namba ya oksijeni bila saa, namrudishia karatasi yake.

Hiyo pH ya mchana ndiyo dawa mnayoiulizia kila siku. Bakteria wa kinyesi hawaiwezi inapokutana na mwanga mkali na oksijeni nyingi, ndiyo maana mabwawa ya kukomaza, yanayofuata fakaltativu, yanachimbwa kwa kina kifupi, jua lipate kupenya. Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Hayo hayauawi na mwanga wala pH, yanazama kwa uzito wake na kukaa kwenye tope. Na klorini mnayotaka niimwage haiyatikisi. Tena klorini ikiingia kwenye maji ya kijani, mwani unaimaliza kabla haijawafikia bakteria, kisha seli za mwani zinapasuka na kumwaga kila kilichokuwa ndani, BOD inapanda. Hapo umenunua kemikali ili uchafue maji ambayo yalikuwa yanajisafisha bure.

Sasa njooni maabara, maana hapa ndipo hata wataalamu wanaponichosha. BOD inapimwa kwa kufungia sampuli kwenye chupa siku 5, kwa nyuzi 20, gizani. Gizani! Mwani hai ukinyimwa mwanga hautengenezi oksijeni, unaivuta. Sampuli ya kijani inaingia kwenye kabati, mwani unapumua siku zote hizo, na kila miligramu unayoitumia inaandikwa kwenye hesabu yetu kana kwamba ni kinyesi kilichopita bila kutibiwa. Halafu mkaguzi anachukua namba hiyo na kuilinganisha na kikomo kilichofikiriwa kwa ajili ya mitambo yenye matangi ya kutuamisha. Agizo la Umoja wa Ulaya la 1991 kuhusu majitaka ya mijini lililiona jambo hili: sampuli za mabwawa huchujwa kwanza ndipo zipimwe, na chembe zinazoelea kwenye sampuli isiyochujwa zinaruhusiwa kufika miligramu 150 kwa lita. Ukipewa ripoti ya bwawa, usianze na namba. Uliza kama ilichujwa. Kama hakuna anayejua, hiyo ripoti haijakueleza lolote kuhusu bwawa.

Ila na sisi watetezi wa mabwawa tusijifanye malaika. Mwani unaotoka haupotei kwa sababu tumeuchuja maabara. Ukiingia kwenye kijito chembamba kinachojikokota, usiku utavuta oksijeni ileile ya samaki, na ukifa utaoza. Kwenye shamba la umwagiliaji mwani huohuo ni mbolea. Kwa hiyo sampuli iliyochujwa inasema kweli kuhusu kazi ya bwawa, lakini haisemi yote kuhusu mto unaopokea. Sijaona kanuni moja inayoyaweka hayo mawili sawasawa.

Kinachoweza kufanyika ni kuupunguza mwani unaotoroka. Mwani mwingi unakaa karibu na uso, kwa hiyo mdomo wa bomba la kutolea maji kwenye fakaltativu unawekwa kama sentimita 60 chini ya uso wa maji, na mbele yake ubao wa kuzuia utando. Nimekuta mabomba yanayochota juujuu kabisa, na wenye nayo wanalalamika kuhusu rangi. Utando wa fakaltativu, tofauti na ule wa anerobiki, unatolewa kila unapoonekana, na magugumaji nayo yasiachwe yafunike maji: kivuli kinaua mwani.

Je, kijani kikipotea? Maji yanaweza kuwa ya kijivu, au yakageuka waridi mpaka zambarau; rangi hizo mbili za mwisho ni za bakteria wa salfa wa zambarau, wanaojilisha kwa salfaidi (misombo ya salfa). Maana yake mzigo umezidi. Mshukiwa wangu wa kwanza ni magari ya kunyonya vyoo yanayomwaga usiku, kwa sababu shehena moja ya tope la choo ni kali kuliko majitaka ya bomba mara nyingi. Vitabu vinakupa kilo 350 za BOD kwa hekta kwa siku kwenye nyuzi 25, namba safi kabisa, kana kwamba magari hayo yanapiga hodi. Lakini pia nimeona bwawa likigeuka waridi na kurudi kijani lenyewe, mzigo uliopimwa ukiwa uleule. Upepo uliopindua matabaka? Mawingu ya siku nyingi? Nina dhana, sina jibu. Na siku za maji kukaa bwawani zilizoandikwa kwenye michoro siziamini sana, maana upepo ukivuma kutoka kwenye ingizo kuelekea tokeo, sehemu ya maji inapita njia ya mkato.

Kabla ya kumlaumu yeyote, pima tope. Funga kitambaa cheupe cha taulo kwenye mti mrefu, uushushe wima taratibu mpaka uguse sakafu, subiri kidogo, uuvute polepole. Sehemu iliyozama kwenye tope inatoka nyeusi, ya juu inatoka imelowa tu, na mpaka kati yao unausoma kwa futi ya fundi. Rudia sehemu mbalimbali, hasa karibu na ingizo, kwa sababu tope halilali sawa. Kwenye anerobiki, likifika theluthi moja ya ujazo, panga kulitoa kiangazi, na vitanda vya kulikaushia viwe tayari kabla ya pampu kuwashwa. Mayai yote ya minyoo yaliyozama tangu mara ya mwisho yamo humo, kwa hiyo glavu na buti si za mkaguzi peke yake.