Bloku ya maji ya kujitengenezea: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja kupoza kompyuta kwa maji hapa Kigoma, mtu atakwambia una bahati, ziwa liko mlangoni. Nawaomba vijana wa Mwanga na Ujiji wasijaribu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, pH yake inakaribia 9, na yakipata moto yanaacha ukoko kama ule tunaoukwangua kwenye birika. Bloku ni kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, maji yakipita kwenye mifereji yake. Kwenye mfereji wa milimita 1, ukoko huo ni kizibo. Nunua maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri kwenye maduka ya spea, ila soma chupa vizuri usije ukabeba asidi.

Dhana inayoharibu kazi za wengi ni kwamba shaba ikiwa nene ndiyo inapoza. Unene ukizidi unarefusha njia tu. Joto la prosesa lazima liyafikie maji, na kinacholipitisha ni eneo la shaba linaloguswa na maji. Piga hesabu: bamba la sentimita 4 kwa 4 lina sentimita za mraba 16. Likate kwa msumeno wa chuma mifereji 20, upana milimita 1, kina milimita 3, na eneo linafika 64. Mara nne, kwa shaba ileile! Chini ya mifereji bakiza milimita 2 au 3.

Wengine huitegemea pesti, ile ya kupaka kati ya prosesa na bloku, ifidie kitako cha bloku kilichopinda. Pesti inajaza mikwaruzo, haijazi bonde. Laza msasa juu ya kioo cha dirisha, paka kitako wino wa maka peni, kisha sugua taratibu. Panapobaki weusi ndipo pana bonde. Mimi hutumia jioni nzima hapa, na sijaona kazi nyingine kwenye bloku inayolipa kama hii.

Wengine hudhani pampu kubwa ndiyo dawa. Lita 1 ya maji kwa dakika ikibeba wati 100 za joto inapanda nyuzi 1.4 tu, kwa hiyo kuongeza kasi hakubadilishi mengi. Na chumba kikiwa nyuzi 30, rejeta (inayotoa joto la maji kwenda hewani) na feni haziwezi kuyashusha maji chini ya hapo.

Alumini ikiwa peke yake haina ubaya. Ichanganye na shaba kwenye mzunguko mmoja, italika. Niliwahi kufunga rejeta ya alumini ya gari. Baada ya miezi michache mifereji yangu ilijaa ute mweupe.

Kabla ya kufunga, washa pampu usiku kucha mezani, karatasi ya chooni chini ya kila kiungo. Asubuhi zote zikiwa kavu, ndipo uiingize kwenye kompyuta.