Bendera Iliyofumuliwa Mbele ya Kioo

Wageni wanaonitazama nikiwa kazini mara chache huniuliza umri wa nguo. Wengi hushangaa tu kwamba wamesimama nusu saa bila kuona chochote kikibadilika, na bado miguu yao haitaki kuondoka. Mimi ni mhifadhi wa nguo za kale, na ninapojibu hutumia mfano wa bendera ambayo Mary Pickersgill na wasaidizi wake waliishona huko Baltimore mwaka 1813, ikapepea juu ya ngome ya Fort McHenry mwaka uliofuata na kuzaa wimbo wa taifa wa Marekani.

Mwishoni mwa mwaka 1998 bendera hiyo ilishushwa ukutani katika jumba la makumbusho la historia mjini Washington, ikapelekwa kwenye karakana iliyojengwa kwa ukuta wa kioo ili umma ushuhudie matengenezo. Kwa kuwa sufu yake haikuweza kukanyagwa wala kuegemewa, wahifadhi walilala kifudifudi juu ya daraja lililopita sentimeta chache juu ya nguo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kufumua: bitana ya kitani iliyotiwa mwaka 1914 ilishikiliwa na mishono ipatayo milioni 1.7, nayo ilibidi ikatwe mmoja mmoja. Baadaye walichukua sponji kavu za vipodozi, wakazigandamiza juu ya nguo bila kusugua, zikainuka na uchafu.

Naamini utulivu wa mtazamaji hutoka hapo. Aliyewahi kumtazama shangazi akishona kofia ya viua anaijua raha ya mkono unaorudia jambo moja, lakini kofia hukua na mtu huisubiri imalizike, ilhali bendera ile haikuwa ikielekea upya wowote. Mwendo wa kazi uliamuliwa na uzi ulio dhaifu kuliko zote, na mtazamaji, akishakubali kwamba hakuna cha kuharakisha, hupumua kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana sizipendi video zinazokimbiza kazi yetu kwa kasi, kwani huondoa kile hasa ambacho watu wamekifuata. (Upande wetu wa kioo, nikiri, hakuna utulivu mwingi: shingo inauma, na pumzi huzuiwa kila mkasi unapokaribia uzi.)

Wahifadhi hawakujaza yaliyopotea. Zamani vipande vilikatwa na kugawiwa kama kumbukumbu, hata bendera iliyokuwa na urefu wa takriban mita 12.8 ikabaki na mita 10.4 hivi, na nyota moja kati ya 15 ikatoweka. Tangu mwaka 2008 imelazwa kwa mwinamo wa digrii 10 katika mwanga hafifu, ambamo wageni huzihesabu nyota kimyakimya, wakafika ya 14, wakaanza tena.