Uzi wa Reynolds na beseni la Nanyuki

Wanasema: namba ya Reynolds, yaani kipimo kinacholinganisha msukumo wa mwendo wa maji na mnato wake, ikifika 2,300, maji ndani ya bomba huvurugika papo hapo.

Ndivyo wengi tulivyokariri darasani. Lakini Osborne Reynolds mwenyewe, mwaka 1883 kule Manchester, alipitisha mkondo wa rangi mwembamba kama uzi katikati ya bomba la kioo akaona vingine: maji yakiachwa yatulie sawasawa kabla ya kufunguliwa, uzi hunyooka hata namba ikikaribia 13,000. Waliomfuata wamefika 100,000. Kinachovuruga ni mtikisiko, kama mdomo wa bomba wenye makwaruzo au tangi lililoguswa. Tena maji hayavurugiki yote kwa mkupuo. Kwenye 2,000 na kidogo huzuka mafungu ya msukosuko, na kati ya fungu na fungu maji ni shwari. Fungu moja hufifia, jingine hujigawa mawili. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kuanzia 2,040 hivi mafungu yanayozaliwa huyazidi yanayokufa, na msukosuko hudumu. Sijaona jambo zuri kuliko hili katika fizikia ya maji.

Wanasema: msukosuko ni vurugu tupu, hauna umbo.

Fukiza udi chumbani pasipo upepo. Moshi hupanda wima, huanza kuyumba, hujikunja pete juu ya pete, ndipo utawanyike. Mwaka 1974 Brown na Roshko walipiga picha za gesi mbili zikipita sambamba kwa kasi tofauti. Ndani ya msukosuko kulikuwa na mizunguko mikubwa iliyojipanga safu.

Wanasema: pale Nanyuki, Kenya, ambako watalii huonyeshwa beseni lenye tundu, ukivuka ikweta maji ya beseni hugeuza upande wa kuzunguka.

Nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ipo kweli, lakini hatua chache kutoka ikweta ni kama haipo. Usikitazame kijiti cha kiberiti kinachoelea ndani ya beseni kuonyesha mzunguko. Tazama namna maji yanavyomiminwa na mbeba beseni anavyogeuka kabla ya kuzibua tundu. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, kaskazini mwa ikweta, alijaza tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha saa 24 bila kuguswa. Alipozibua, zilipita dakika zaidi ya kumi kabla maji hayajaonekana yakizunguka kinyume cha mishale ya saa. Wenzake wa Sydney, Australia, kusini mwa ikweta, walipofanya vivyo hivyo mwaka 1965, yakafuata mishale.