Mpigaji Wako Ana Mikono Miwili: Kutengeneza Drams za Kompyuta Zenye Uhai

Mzee mmoja aliyepiga drams kwenye bendi za dansi hapa Dar kwa miaka mingi alikuja nyumbani kwangu Tabata, nikamwekea wimbo niliokuwa nimeumaliza usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliufuata kwa kidole mezani mpaka kwenye kiitikio, kidole kikasimama. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu mpigaji wako ana mikono mingapi?"

Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Kweli, roli, yaani mapigo ya haraka ya mfululizo, ilipokuwa inashuka kwenye tomu, zile ngoma za pembeni, haihati, matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu, ilikuwa bado inaendelea vilevile kama haikuhusika, na kabla roli haijaisha krashi, toazi la kishindo, ikalia. Mikono mitatu, pengine minne. Sikuwa nimesikia kwa sababu nilikuwa nikitazama skrini, na kwenye skrini kila noti ilikaa mahali pake.

Wengi wanaoniuliza kuhusu drams huanza na programu: ninunue ipi? Nitalijibu swali hilo, lakini halina uzito ambao watu wanalipatia. Sauti zilizomo kwenye programu za leo ni drams za kweli, zilipigwa na watu wa kweli kwenye studio nzuri, mbele ya maiki za bei mbaya. Zinaanza kusikika za bandia tunapoziandikia mapigo ambayo mwili wa mtu hauwezi kuyapiga, au hauna sababu ya kuyapiga.

Tulio wengi tunarekodi chumbani au sebuleni kwenye nyumba ya kupanga. Seti ya drams haikai humo, na hata ikikaa, majirani hawatakuvumilia hadi ubeti wa pili. Kuirekodi vizuri kunataka maiki saba au nane, na chumba kisichorudisha sauti vibaya. Ndiyo maana kompyuta. Ukianza bila hela, MT Power Drum Kit ni ya bure, na Steven Slate Drums ina toleo la bure pia. Nimetengeneza nyimbo zenye heshima kwa hizo mbili. Ukiwa na hela, EZdrummer na Addictive Drums ni nyepesi na zinatosha. Superior Drummer 3 ni kubwa kuliko hizo, na sampuli zake, yaani sauti zilizorekodiwa, zinazidi gigabaiti 230, kwa hiyo fikiria bando lako na nafasi ya diski yako kabla hujafikiria bei. Programu nyingi hufuata mpangilio uleule wa midi, lugha ya namba inayoiambia programu ipige nini: kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, noti ya 36, snea, ile ngoma yenye mlio mkali, 38, haihati iliyofungwa 42, ya wazi 46. Ukiandika drams zako leo kwa programu ya bure, kesho unaweza kuzihamishia kwenye ya kununua, na kazi kubwa itabaki kama ulivyoiandika.

Sasa turudi kwenye mwili, maana mambo mengi yako huko.

Kabla sijaandika noti yoyote, nazipiga drams mezani. Mkono wa kulia ni haihati, wa kushoto ni snea, mguu wa kulia ni kiki. Kile ninachoshindwa kukipiga mezani, hata polepole, sikiandiki. Zoezi hili dogo linafichua mengi. Mkono wa kulia ukitaka kufika kwenye krashi, lazima uondoke kwenye haihati kwanza, kwa hiyo pigo la haihati lililo karibu kabisa na krashi mara nyingi halipo, au ni dhaifu. Mikono yote miwili ikishuka kwenye tomu, haihati inanyamaza, isipokuwa mguu wa kushoto uwe unaibana kwa pedali, na hiyo ni sauti nyingine kabisa, kavu na fupi, noti ya 44. Krashi ikilia, karibu kila mara kiki iko chini yake, kwa sababu toazi bila kiki linasikika jembamba, linaelea hewani. Na mpigaji akihamia kwenye raidi, toazi kubwa la kushikia mwendo, mguu wake wa kushoto haulali: unaibana haihati kwenye pigo la pili na la nne. Ukiweka kitu hicho kimoja tu, kwa sauti ndogo, utasikia mtu amekaa kwenye kiti.

Baada ya mikono kuna nguvu. Midi inapima nguvu ya kila pigo kuanzia 1 hadi 127, na programu nyingi zikiachwa zenyewe hukuwekea 100 kila mahali. Hapo ndipo bunduki inapoingia: snea inayorudia sauti moja, tatata, kama risasi. Programu nzuri huwa na sampuli kadhaa za pigo lilelile, nazo huzipokezana ili sikio lisigundue marudio, na zina sampuli tofauti za pigo laini na pigo kali. Lakini ukiandika 100 mwanzo hadi mwisho, umefungua tabaka moja tu la hazina hiyo, mengine yote yamelala kwenye diski.

Mimi huanzia hivi. Snea za pigo la pili na la nne nazipa kati ya 100 na 115. Ile 127 naiacha kwa ajili ya mahali pawili au patatu kwenye wimbo mzima, kwa sababu hakuna mpigaji anayepiga kwa nguvu zake zote kwa dakika nne. Haihati nazipa mawimbi: pigo linaloangukia kwenye hesabu hupata 85 au 90, linalofuata 60, kisha 82, kisha 57. Usinakili namba hizi kama zilivyo. Chukua umbo lake, la mkono unaoshuka kwa uzito na kurudi kwa wepesi. Kiki mbili za haraka hazilingani. Mara nyingi ya kwanza ni nyepesi, kama hatua ya kukimbilia, na ya pili ndiyo inayotua. Halafu kuna mapigo ya snea ambayo msikilizaji hayasikii kama mapigo, fimbo inagusa ngozi tu kwa nguvu ya 20 au 35. Mimi huyaita minong'ono. Ukiyazima, wimbo haupotezi kitu unachoweza kukitaja, lakini mwendo unakufa. Kwenye nyimbo za kwaya za mwendo wa kati nayaweka karibu kila mstari wa ubeti, na hakuna mwanakwaya aliyewahi kuniambia ameyasikia. Wanaimba kwa kuyaegemea, basi.

Jambo la muda ndilo linaloharibiwa zaidi, na kwa nia njema. Mtu anasikia drams zake ni ngumu kama mbao, anaambiwa azitoe kwenye gridi, ile mistari ya hesabu kwenye skrini, anabonyeza kitufe kile cha kuzichanganya kwa kubahatisha. Kila noti inasogezwa huku au kule bila mpango. Matokeo ni mpigaji mlevi. Mwaka 2011 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha kazi yao kuhusu jambo hili: walimrekodi mpigaji mzoefu akifuata metronomu ya mapigo 180 kwa dakika, wakapima alivyokuwa anapishana nayo. Makosa yake hayakuwa ya bahati nasibu. Pigo lililochelewa sasa lilikuwa na uhusiano na mapigo yaliyokuja muda mrefu baadaye. Alikuwa anateleza polepole kwenda mbele na kurudi nyuma, kama mawimbi ya bahari. Na wasikilizaji walipolinganishiwa muziki wenye makosa ya aina hiyo na wenye makosa ya kubahatisha, walipendelea ule wa mawimbi.

Kwa hiyo nikisogeza noti, huwa na sababu. Tuchukue wimbo wa mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja lina milisekunde 600, na kama programu yako inaligawa pigo katika tiki 960, tiki 16 ni milisekunde 10. Snea zote za ubeti nazirudisha nyuma tiki 10 hadi 16, zote kwa pamoja, ili wimbo utulie na kukaa chini. Kiki ninaiacha kwenye mstari, maana gitaa la besi linaitegemea. Kiitikio kikikaribia, snea zinaanza kusogea mbele kidogo kidogo, kwa sababu mtu wa kweli akiona kilele kinakuja damu inamchemka. Roli nazo hukimbia: mapigo ya mwisho ya roli yanawahi, kisha krashi inatua mahali pake na kila mtu anapumua.

Njia rahisi kuliko zote ni kutotumia kipanya kabisa. Kinanda kidogo cha midi, hata kile cha vitufe 25 cha mitumba ya Kariakoo, kinatosha. Punguza bafa ya kadi ya sauti, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa, hadi 128 ili usisikie kuchelewa, piga kiki na snea kwa vidole viwili wimbo mzima, kisha rudi upige haihati wimbo mzima. Wimbo mzima, nasisitiza. Mistari minne iliyopigwa vizuri na kunakiliwa mara kumi na mbili itakuwa bado ni nakala. Utachoka ukifika kiitikio cha mwisho, na uchovu huo utaingia kwenye rekodi, ndio tunaoutafuta. Baadaye rekebisha yale yaliyokosewa kweli, na ukiyavuta kwenye gridi, vuta kwa asilimia 50 au 60, si 100.

Nahitaji kusema hapa kwamba haya yote hayahusu singeli. Singeli ina mapigo yanayopita 200 kwa dakika, na nguvu yake iko palepale kwenye mashine isiyochoka. Kuipa uchovu wa binadamu ni kuivunja mgongo. Vivyo hivyo Bongo Fleva nyingi, zenye kiki nzito za mtindo wa Roland TR-808, mashine iliyotoka mwaka 1980 na ambayo haikuwahi kusikika kama drams za kweli. Watu waliipenda hivyohivyo ilivyo. Ninaongelea wimbo ambao gitaa ni la mtu, sauti ni ya mtu, na drams zinatakiwa zikae nao chumba kimoja. Dansi, kwaya, zilipendwa zinazorekodiwa upya.

Kwenye dansi hasa, sikiliza umbo la wimbo kabla ya kuandika. Sehemu ya kuimba ni ya staha. Mpigaji anabana haihati, mara nyingi snea anaigonga ukingoni kwa fimbo iliyolazwa, anawaachia tumba nafasi. Sebene ikiingia anabadilika mtu: snea inafunguka, mikato inaongezeka, matoazi yanapanuka, na anafuata gitaa la solo kama wanavyozungumza watu wawili. Nimesikia vijana wakiandika dansi kwa mdundo mmoja mwanzo hadi mwisho wakiamini magitaa yatafanya kazi yote. Hayawezi. Mtu anainuka kucheza kwa sababu ya drams.

Linabaki suala la chumba, nalo lilinichukua miaka kulielewa. Drams za Superior Drummer 3 zilirekodiwa na mhandisi wa sauti George Massenburg kwenye studio za Galaxy, Ubelgiji. Ni ukumbi mkubwa na mzuri sana. Gitaa lako umelirekodi Tabata, karibu na kabati la nguo. Ukiviweka pamoja bila kufikiri, sikio linamsikia mpiga drams yuko mbali, kwenye jengo jingine, ng'ambo ya bahari. Hatua ya kwanza ni kupunguza maiki za ukumbi ndani ya programu mpaka zisikike kama kivuli tu. Hatua ya pili, usizime uvujaji: kwenye seti ya kweli snea inasikika kwenye maiki ya kiki, na kila kitu kinasikika kwenye maiki za juu. Drams zilizotenganishwa kila kipande peke yake husikika kama vipande, si seti.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda. Ninazitoa drams kwa spika kwenye sebule yangu yenye vigae, na maiki moja naiweka kwenye korido, mita tatu au nne kutoka kwenye spika. Ninazima feni. Ninasubiri saa tisa usiku, bodaboda zikipungua, na sauti naiweka ya wastani ili nisimwamshe mtu. Ninacheza wimbo mzima na kuurekodi upya kupitia maiki ile. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo rekodi hiyo inafika na ucheleweshaji wa milisekunde kama 10. Sinyanyui kidole kuirekebisha, maana ucheleweshaji huo ndio chumba chenyewe. Kisha ninaipandisha polepole chini ya drams za awali, hadi pale ambapo nikiizima ninaikosa. Gitaa nalo nalipitisha palepale, kwa kiasi kidogo. Ghafla wote wawili wako Tabata.

Wimbo ule wa kwanza niliuandika upya wote kwa njia hii, nikamwita mzee tena. Safari hii aliusikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba, mguu wake wa kulia ukikanyaga pedali isiyokuwepo. Ulipoisha alinyamaza kidogo. "Kiki ya ubeti wa pili ina haraka," akasema. "Anaogopa kuachwa."

Nimeirudisha nyuma tiki 8.